Chakula cha Mtoto Mdogo Kimo Ndani ya Sufuria ya Familia

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huvuna mahindi, maharage na viazi kwa wingi unaotosha kulisha hata miji iliyo mbali nayo, lakini ndiyo inayoongoza nchini kwa udumavu wa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na kiwango cha asilimia 57 hivi, huku Njombe na Rukwa zikiwa karibu na asilimia 50, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30. Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, kwa sababu amekosa lishe ya kutosha au ameandamwa na maradhi kwa muda mrefu, na madhara yake hayaishii kwenye kimo, kwa kuwa ubongo nao hujengwa katika kipindi hichohicho, hasa katika siku 1,000 zinazoanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili.

Sababu za hali hiyo ni nyingi na zimefungamana: lishe ya mama kabla ya ujauzito na wakati wa ujauzito, maradhi ya kuhara, maji yasiyo salama, na kazi za shamba zinazomchukua mama kutwa nzima na kumwacha mtoto mikononi mwa ndugu zake wadogo. Hata hivyo, ipo sababu moja inayokaa jikoni kabisa, nayo ni kwamba chakula kilichomo nyumbani hakimfikii mtoto katika hali anayoweza kukitumia. Watu wazima na watoto wakubwa hula ugali kwa maharage na mchicha, huku mtoto wa miezi tisa akipewa uji mwepesi wa mahindi wenye sukari asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa inaaminika kwamba tumbo lake halijaweza kitu kingine. Imani hiyo inawagharimu watoto wengi, na inawagharimu pia wazazi wanaotumia fedha zao chache kununua vyakula vya pakiti vya watoto, wakati karibu kila kitu anachohitaji mtoto kinachemka tayari kwa ajili ya familia nzima, na kilichobaki ni kujua lini na namna ya kumpakulia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka atimize miezi sita, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza, yaani chakula chochote kinachoongezwa juu ya maziwa ya mama, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Umri wa miezi sita haukuchaguliwa ovyo. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huja na akiba ya madini ya chuma aliyoipata tumboni, na akiba hiyo huwa imepungua sana anapofika umri huo, wakati maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana madini hayo kwa kiasi kidogo mno. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za madini ya chuma kwa siku, ilhali mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 tu. Kiumbe kisicho na meno, chenye uzito wa kilo nane, kinadai madini ya chuma zaidi ya baba yake, na dai hilo haliwezi kutimizwa kwa uji mtupu.

Nguvu nayo ina hesabu yake. Mtoto anayenyonya vizuri huhitaji kutoka kwenye chakula cha nyongeza takribani kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kilokalori 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na kilokalori 550 akiwa katika mwaka wake wa pili, kilokalori zikiwa ni kipimo cha nguvu ambayo mwili hupata kutokana na chakula. Kiasi hicho hakionekani kikubwa mpaka kilinganishwe na tumbo lenyewe, ambalo huchukua takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, kwa hiyo mwenye kilo nane hawezi kumaliza hata kikombe kimoja cha mililita 250 kwa mlo mmoja. Ndiyo maana wataalamu husisitiza milo miwili hadi mitatu kwa siku kwa wanaoanza, kisha mitatu hadi minne kuanzia miezi tisa, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili katikati, kama vile kipande cha parachichi, ndizi mbivu au kiazi kilichochemshwa.

Hapo ndipo uji mwepesi unapoanguka. Uji unaonyweka kwa urahisi kikombeni huwa na maji kiasi cha sehemu tisa au zaidi kati ya kumi, hivyo mtoto hujaa maji, hulala, huamka akilia njaa, na mama hudhani kwamba maziwa yake hayatoshi. Kipimo kinachofundishwa katika kliniki za mama na mtoto ni chepesi kukumbuka: uji au chakula kilichopondwa kinapaswa kukaa juu ya kijiko kilichoinamishwa bila kumwagika. Uji mzito wa namna hiyo unaweza kuongezewa nguvu kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, ambacho peke yake kina kilokalori 40 hivi, au kwa karanga zilizosagwa laini, au kwa tui zito la nazi, au kwa maziwa badala ya sehemu ya maji.

Uji ukizidi kuwa mzito humshinda mtoto kumeza, lakini dawa ya tatizo hilo ilijulikana na mabibi kabla ya kuthibitishwa na maabara. Dawa hiyo ni kimea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue kwa siku mbili au tatu, ikakaushwa na kusagwa. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho hukatakata wanga, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na Sweden walionyesha kwamba kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa ndani ya uji mzito unaokaribia ugali, uji hulainika ndani ya dakika chache bila kuongezwa tone la maji. Mtoto hupata unga mwingi ndani ya ujazo uleule. Uji huo huachwa upoe kidogo kabla ya kutiwa kimea, kwa sababu moto mkali huua kimeng'enya chenyewe, kisha hurudishwa jikoni uchemke tena ili vijidudu vilivyokuja na kimea vife. Ulezi ndio unaofaa zaidi kwa kazi hiyo, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, hivyo anayetumia mtama hana budi kuondoa machipukizi na mizizi yote kabla ya kusaga.

Jambo linalostahili kusemwa kwa uwazi zaidi ni habari ya unga wa lishe, ule unaouzwa masokoni na kutengenezwa majumbani kwa kuchanganya mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, maharage na wakati mwingine dagaa, vyote vikasagwa pamoja. Nia ya wanaoutengeneza ni njema, lakini wingi wa vitu haufanyi unga kuwa bora. Maharage na soya huhitaji kuchemka muda mrefu kuliko uji unavyokaa jikoni, na soya mbichi ina kiasili kinachozuia usagaji wa protini tumboni mpaka kiharibiwe na moto wa kutosha. Karanga zikishasagwa huchacha upesi kwa sababu ya mafuta yake, na zikichanganywa na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huleta hatari ya sumukuvu, ambayo ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zisizokauka vizuri, isiyoondolewa kwa kupika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka moja iliyochaguliwa punje kwa punje, zilizovunda na zilizobadilika rangi zikatupwa, ikapikiwa uji na kuongezewa maziwa, yai au karanga safi wakati wa kupika, inamfaa mtoto kuliko mfuko wenye mchanganyiko wa vitu tisa ambavyo mpishi hajui vilikaa ghalani muda gani.

Uji, hata ukiwa bora kiasi gani, ni mlo mmoja tu wa siku, na milo mingine inapaswa kutoka kwenye sufuria ya familia. Mfano mzuri ni mseto wa choroko wa mwambao, ambao ni kama ulibuniwa kwa ajili ya mtoto anayeanza kula. Choroko zilizopaazwa huoshwa na kuchemshwa mpaka zianze kupasuka, kisha mchele hutiwa, kiasi cha vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha choroko, pamoja na tui jepesi, na vyote huachwa viive mpaka vilainike na kushikana, ndipo tui zito linapofuata. Chumvi, kitunguu cha kukaanga na pilipili huingia mwishoni kabisa, na muda mfupi kabla ya hapo ndipo mpishi anapochota sehemu ya mtoto, akaiweka kando kwenye bakuli lake na kuiponda kwa uma. Nafaka ina upungufu wa asidi-amino iitwayo laisini, mojawapo ya vipande vinavyounda protini, na choroko zina laisini kwa wingi, hivyo mlo huo wa bei nafuu huzikamilisha protini za pande zote mbili. Kijiko cha samaki aliyechambuliwa miba kikiongezwa, pamoja na majani machache ya mchicha yaliyokatwa laini na kuiva ndani ya mvuke wa sufuria hiyohiyo, mtoto atakuwa amepata nafaka, jamii ya kunde, mnyama, mboga na mafuta kwa moto mmoja.

Kanuni ya kuchota kabla ya chumvi na pilipili inafaa kwa karibu kila pishi. Figo za mtoto wa chini ya mwaka mmoja hazijakomaa, na chumvi yake yote kwa siku inapaswa kuwa chini ya gramu moja, kiasi ambacho hukipata ndani ya maziwa na vyakula vyenyewe bila kuongezewa. Vidonge na unga wa pakiti wa kuongeza ladha ya mchuzi vimejaa chumvi na havina nafasi katika bakuli lake. Sukari nayo haina kazi hapo, na asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja kwa vyovyote, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu kwa watoto wachanga.

Katika nyumba nyingi mtoto hupewa mchuzi na watu wazima hula kilichomo ndani yake. Ugali huchovywa kwenye mchuzi wa maharage, wali hulowanishwa kwa mchuzi wa nyama, na inadhaniwa kwamba nguvu yote ya nyama imehamia kwenye supu. Haikuhamia. Protini na madini ya chuma hubaki kwa sehemu kubwa ndani ya nyama na ndani ya punje ya haragwe, na mchuzi hubeba ladha, chumvi, mafuta kidogo na maji mengi. Mtori wa Kilimanjaro, ambao kwa desturi hupikiwa mama aliyejifungua, unaweza kumfaa mtoto sana kwa sharti hilohilo: nyama iliyochemshwa mpaka ikalainika ikatwekatwe au itwangwe kisha irudishwe ndani ya ndizi zilizopondwa, badala ya mtoto kupewa ndizi na supu huku minofu ikibaki kwenye sahani za wakubwa. Vivyo hivyo makande, ambayo Kenya huitwa githeri, hayana tatizo kwa mtoto iwapo maharage na mahindi yake yameiva kabisa na yamepondwa, maganda magumu ya mahindi yakachujwa, na kiazi au boga likaongezwa ili kuyalainisha.

Kwa familia isiyomudu nyama, dagaa ni neema ambayo haijatumika ipasavyo. Samaki hawa wadogo, wanaoitwa omena upande wa Kenya, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, kwa hiyo huleta madini ya chuma, zinki na kalisiamu kwa pamoja. Wale waliokaushwa juu ya mchanga wanahitaji kuchambuliwa, kuoshwa mara kadhaa kwa maji ya vuguvugu mpaka chembe zisisikike chini ya beseni, kuanikwa tena juani, kukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wakauke na kuvunjika vidoleni, kisha kutwangwa na kuchekechwa. Unga unaopatikana huhifadhiwa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na kijiko kimoja chake hutiwa kwenye kiazi kilichopondwa, kwenye mseto, au kwenye ugali laini uliochanganywa na mboga. Maini ya kuku au ya ng'ombe, kwa kipande kidogo mara moja kwa wiki, yanaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, choroko na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C huyarahisishia njia, ndiyo sababu kipande cha embe, papai, chungwa au uji wenye unga wa ubuyu katika mlo uleule huwa na thamani kubwa kuliko kikiliwa saa tatu baadaye. Chai hufanya kinyume. Tanini zilizomo kwenye majani ya chai huyafunga madini ya chuma yasifyonzwe, na desturi ya kumpa mtoto wa mwaka mmoja chai ya maziwa kwa mkate kila asubuhi humwondolea sehemu ya kile kidogo anachokipata katika mlo huohuo. Maziwa meupe, au maji, yanamfaa zaidi.

Mboga za majani ya kijani, pamoja na mboga na matunda yenye rangi ya njano au ya chungwa, zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta, kwa hiyo mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi haumpi mtoto kile ambacho mchicha wa nazi, au mchicha uliotiwa mawese ya Kigoma, unampa. Viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinastahili kupandwa kila penye shamba. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kurutubisha mazao, na mchango wake mkubwa ulikuwa kwenye viazi hivyo. Kiazi kimoja kilichochemshwa na kupondwa kwa maziwa huwa mlo mzuri wa jioni wa mtoto wa miezi saba.

Ulaini wa chakula hubadilika kadiri mtoto anavyokua, na mabadiliko hayo yasicheleweshwe. Anayeanza hupewa kilichopondwa laini kabisa, vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo. Kufikia miezi minane anaweza kushika kipande laini cha ndizi au boga kwa mkono wake. Kufikia miezi 9 hadi 11 hula nusu kikombe cha chakula kilichopondwa kwa uma tu, kikiwa bado na vipande vidogo. Na akitimiza mwaka hula kile wanachokula wengine, kikiwa kimekatwakatwa. Mtoto anayesagiwa kila kitu kwa mashine mpaka mwaka wa pili hukosa kujifunza kutafuna, na baadaye hukataa chochote chenye punje. Yapo machache ya kuepukwa kwa sababu ya kukaba koo: karanga nzima, bisi, miwa, pipi ngumu, zabibu nzima na minofu ya samaki isiyochambuliwa miba.

Yai limesingiziwa mambo mengi katika jamii mbalimbali, likanyimwa watoto kwa hofu ya kuchelewa kusema au kuota tabia mbaya, na hakuna hata moja kati ya hayo lenye ukweli. Yai lililoiva vizuri linafaa tangu miezi sita, na kuchelewesha yai au karanga zilizosagwa hakumkingi mtoto na mzio. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio wa karanga walipungukiwa sana na hatari hiyo walipoanzishiwa karanga mapema kwa namna salama.

Mtoto kukataa chakula kipya ni jambo la kawaida, na huenda akahitaji kukionja mara nane, kumi au zaidi kabla hajakizoea, kwa hiyo mboga iliyotemwa Jumatatu irudi Alhamisi bila ugomvi na bila kumbana mikono na kummiminia kinywani, tabia ambayo humfundisha kuogopa kula na inaweza kumpalia. Inafaa pia awe na bakuli lake hata pale familia inapokula kwenye sinia moja. Mtoto wa miaka miwili hula polepole kuliko kaka zake, na kwenye sinia hakuna anayeweza kujua amekula matonge mangapi, wakati bakuli lenye chakula chake huonyesha waziwazi kilicholiwa na kilichobaki. Anayemlisha, awe mama, baba, bibi au dada wa kazi, akae mbele yake, amtazame, azungumze naye, na amwachie ashike kijiko hata akimwaga.

Suala la mwisho ni la mama anayeondoka asubuhi na kurudi jioni, ambaye mara nyingi huacha uji wa kutwa nzima ndani ya chupa ya chai. Chupa hiyo huuweka uji katika joto kali kwa muda, kisha joto hushuka polepole mpaka kufikia uvuguvugu, na uvuguvugu huo ndio ambao bakteria huupenda kuliko baridi na kuliko moto, kwa hiyo uji wa saa kumi alasiri unaweza kumharisha mtoto aliyeunywa salama saa mbili asubuhi. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya friji, na kilichobaki baada ya kijiko cha mtoto kuingia kisihifadhiwe. Pasipo friji, ni bora anayebaki nyumbani aachiwe vitu vya kuandaa upya kwa dakika chache: unga uliopimwa, yai, ndizi mbivu, parachichi, unga wa dagaa, na kiazi cha kuchemsha. Togwa, kinywaji cha kusini mwa Tanzania kinachotengenezwa kwa uji na kimea na kuachwa kichachuke, hustahimili zaidi kwa kuwa asidi yake huzuia vijidudu vingi vya kuhara kuzaliana, mradi tu kimetengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na kwenye chombo safi, na kiwe cha siku ile, kabla hakijaanza kuwa pombe.